Kwa Nini Kuitwa Mwanamke Kuwe Tusi?

Mwaka 1972, uhusiano wa Uganda na Tanzania ulipokuwa umeharibika, Idi Amin alimpelekea Julius Nyerere simu ya maandishi akimwambia kwamba anampenda sana, na kwamba kama angalikuwa mwanamke angefikiria kumwoa, ijapokuwa kichwa chake kimejaa mvi. Ukiisoma simu hiyo neno kwa neno, hutaona tusi. Hamna neno chafu, hamna kiungo cha mwili kilichotajwa, wala hamna mnyama ambaye mtu amefananishwa naye. Hata hivyo kila anayeisoma hutambua mara moja kwamba rais wa nchi jirani ametukanwa mbele ya dunia nzima, na ametukanwa kwa njia moja tu: amewekwa, kwa nusu sentensi, mahali pa mtu wa kuolewa.

Kisa hicho kinatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya, yaani uchafu wa neno na uzito wa tusi. "Mwanamke" si neno chafu. Tunalitumia msikitini na kanisani, tunalitumia katika hati za serikali, na tunalitumia kwa mama zetu bila kushusha sauti. Lakini neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume katika stendi ya teksi mjini Kampala au katika soko la Owino, watu hushikana mashati. Kwa hiyo sumu haimo ndani ya neno. Imo katika kitu kingine kinacholizunguka neno, na kitu hicho ndicho ninachotaka tukichunguze kwa makini, kwa kuwa bila kukielewa tutaendelea kuwakataza watoto matusi huku tukiwafundisha kila siku mambo yanayoyazaa.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili ni lugha isiyobagua, kwa sababu sarufi yake haigawanyi nomino kwa jinsia. Ni kweli kwamba "amekuja" haisemi kama aliyekuja ni mume au mke, na kwamba "yeye" ni yeye kwa wote. Nadhani, hata hivyo, wanaitegemea sarufi kupita kiasi, maana yale ambayo sarufi iliyaacha, msamiati uliyaokota. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa: mzizi ni mmoja, lakini wa kwanza ni mtenda na wa pili ni mtendwa. Luganda hutumia vitenzi viwili mbalimbali, kuwasa kwa mwanamume na kufumbirwa kwa mwanamke, na hicho cha pili nacho kimekaa katika kauli ya kutendwa. Ndiyo maana mwanamume ambaye mke wake ana mshahara mkubwa kuliko wake, au ambaye husema "ngoja kwanza niulize nyumbani" kabla ya kuahidi fedha za mchango, husengenywa kwamba ameolewa. Hakuna aliyesema kwamba ana tabia mbaya. Amebadilishiwa kauli ya kitenzi tu, na hilo linatosha.

Mifano ya namna hiyo ni mingi ukianza kuitafuta. Mkono wa kulia uliitwa mkono wa kuume, na wasomaji wa Biblia wanalikuta neno hilo hadi leo. Wa kushoto ndio mkono wa kuke. Kumwita mtu "dume" ni kumsifu kwa nguvu na ujasiri, ilhali "jike" halina sifa yoyote ndani yake linapotajwa kwa binadamu. Mwanamke mwenye sauti nzito au msimamo mkali huitwa jikedume, kana kwamba ujasiri alionao ni mali ya mtu mwingine aliyoichukua bila ruhusa.

Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Wengi hudhani kwamba kumwita mwanamume mwanamke ni kumsingizia maumbile asiyo nayo. Sivyo. Ni kumshusha cheo. Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka katika desturi za ikulu ya Buganda, ambako wabinti wa ukoo wa kifalme, yaani abambejja, huamkiwa kwa "ssebo", neno la heshima wanaloitwa wanaume, huku watu wa kawaida walio ndani ya boma la mfalme, wakiwamo wanaume wenye ndevu na watoto wao, wakihesabiwa kuwa upande wa wake mbele ya Kabaka. Kabaka mwenyewe huitwa Ssabasajja, yaani mwanamume aliye juu ya wanaume wote, na huitwa pia Bbaffe, mume wetu. Katika utaratibu huo hakuna aliyekosea kuhusu mwili wa mtu yeyote. Kila mmoja anajua kwamba mumbejja ni mwanamke. Kinachosemwa ni kwamba aliye juu ni mume na aliye chini ni mke, na maumbile yameazimwa yawe lugha ya madaraka.

Nataka kuongeza jambo moja la pembeni, kwa kuwa ni haki ya Buganda lisemwe. Miongoni mwa majina ya sifa ya Kabaka limo pia Nnaamunswa, ambalo ni jina la malkia wa mchwa, yule mama mmoja anayekaa katikati ya kichuguu na ambaye kichuguu chote huishi kwa sababu yake. Mfalme anasifiwa kwa jina la kike na hakuna anayecheka. Kwa hiyo hata ndani ya mfumo uliopanga wake chini na waume juu, palibaki kumbukumbu kwamba uke unaweza kuwa kitovu cha nguvu. Wanaosema kwamba dharau hii ndiyo utamaduni wetu tangu asili wanasahau majina ya mfalme wao.

Tukikubali kwamba kuna ngazi, na kwamba uke umewekwa kwenye vidato vya chini, basi matusi ya kijinsia hugawanyika kwa kazi zake. Yanayoelekezwa kwa wanawake huwazuia wasipande. Yanayoelekezwa kwa wanaume huwatisha kwamba watashushwa. Tuanze na ya kwanza, kwa maana ndiyo yaliyowaumiza watu wengi zaidi katika historia ya nchi hii yetu ya Uganda.

Neno linaloongoza ni "malaya", ambalo Kiswahili na Luganda hulitumia sawasawa. Katika kamusi lina maana moja, lakini barabarani halina mipaka. Huitwa hivyo mwanamke anayeuza mwili, na huitwa hivyo pia anayekataa kumpa kijana namba ya simu, anayevaa suruali, anayerudi nyumbani usiku kutoka kazini, anayeshindana na mwanamume katika uchaguzi. Neno linalomfaa anayekubali na anayekataa kwa pamoja haliwezi kuwa maelezo ya mwenendo. Ni kamba ya kumfungia mtu mahali alipo. Linganisha na maneno ya upande wa pili: "mhuni" na mwenzake wa Luganda "muyaaye" husemwa mara nyingi kwa kicheko, na mwanamume aliyeitwa hivyo leo anaweza kuoa kesho bila mtu yeyote kulikumbuka.

Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro na mwanasheria, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje mwezi Februari 1974. Novemba mwaka huohuo Amin alimfukuza kazi. Alitangaza hadharani kwamba waziri wake alifanya mapenzi na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege jijini Paris. Magazeti ya nje yaliyoibeba habari hiyo yalishtakiwa na Bagaya kwa kumchafulia jina, naye akashinda. Amin aliwafukuza mawaziri wengi wanaume, na baadhi yao walipoteza maisha, jambo ambalo ni baya kupita matusi yote. Lakini walipotolewa makosa waliitwa wazembe, wasaliti au wala rushwa. Kwa mwanamke, silaha iliyookotwa kwanza ilikuwa kitanda. Miaka kumi na mitatu baadaye Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, aliongoza jeshi kutoka Acholi hadi karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwishoni mwa 1987. Mtu anaweza kuichukia vita yake kwa sababu nyingi za haki, kwa kuwa vijana wengi walikufa. Magazeti ya upande wa serikali, pamoja na kumwita mwasi, yalimwita kahaba na mchawi.

Tusi linalonisikitisha zaidi halina hata chembe ya uchafu. Ni neno la Luganda "nakyeyombekedde". Maana yake ni mwanamke aliyejijengea, yaani aliyejenga au kupanga nyumba yake mwenyewe akaishi humo bila mume. Wanawake walipoanza kuhamia mjini na kujitegemea kwa biashara ya chakula, pombe na ushonaji, hili ndilo jina walilopewa, na lilitamkwa kwa midomo iliyokunjwa. Tafakari maana yake: kujenga nyumba ni jambo ambalo mwanamume hupongezwa nalo na ukoo mzima, tena asiyejenga huonwa kuwa hajawa mtu mzima. Tendo ni lilelile, saruji ni ileile, na deni la mabati ni lilelile. Kwa mmoja ni heshima, kwa mwingine ni doa. Sijaona mfano ulio wazi zaidi wa jinsi ambavyo aibu haifuati tendo bali humfuata aliyelitenda.

Sheria nayo ilisimama upande huo kwa muda mrefu. Hadi Mahakama ya Katiba ilipokibatilisha mwezi Aprili 2007, kifungu cha uzinzi cha Sheria ya Makosa ya Jinai kilimtia hatiani mke wa mtu aliyelala na mwanamume yeyote, lakini mume wa mtu alikuwa na kosa pale tu mwanamke aliyelala naye alipokuwa mke wa mwingine. Yaani kamusi ya mtaani, yenye neno zito kwa mmoja na kicheko kwa mwenzake, ilikuwa imepigwa chapa ya serikali. Mwaka 2014 ikatungwa Sheria ya Kupinga Ponografia, ambayo wananchi waliielewa kuwa ni sheria ya sketi fupi, na kabla ya wino kukauka makundi ya wanaume yalikuwa yakiwavua wanawake nguo barabarani, Kampala na katika miji mingine. Vifungu vyake vikuu vilibatilishwa mwezi Agosti 2021. Waliovuliwa nguo hawakushtakiwa kwanza wala hawakuulizwa. Waliitwa malaya, na neno likafanya kazi ya hakimu.

Sasa tuje kwa wanaume. Kwao tusi ni kuporomoka, na Kiswahili chetu cha Uganda kina historia yake ya pekee katika jambo hili. Nchini kwetu lugha hii ilikaa muda mrefu katika kambi za jeshi na vituo vya polisi, na wazazi wengi waliifahamu kwa mara ya kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, au katika ile misako ya miaka ya 1980 ambayo watu waliipa jina la amri iliyotolewa: panda gari. Wanaume waliizungumza kuliko wanawake. Iliingia masikioni ikiwa lugha ya kuamrishwa, na pamoja na amri zilikuja dhihaka za kambini, ambako kuruta anayechoka huambiwa anakimbia kama mwanamke na anayelia huulizwa kama anataka kuletewa gauni. Watu waliotoka kambini wakawa walimu wa michezo, walinzi na baba wa familia, na dhihaka zikaja nazo nyumbani. Katika shule niliyosoma, mvulana aliyekosa penalti aliwahi kufungwa leso kichwani na mwalimu na kuzungushwa uwanjani. Hakuna neno alilotukanwa. Leso ilitosha, na sisi tuliocheka tulikuwa na dada zetu pembeni, wakitazama kitambaa wanachojifunga kila siku kikigeuzwa kuwa adhabu.

Neno "shoga" linaonyesha safari hiyo vizuri. Katika pwani ya Afrika Mashariki wanawake huitana shoga kwa mapenzi. Shoga ni rafiki wa ndani, mwenye siri zako, wa kusindikizana naye harusini na msibani. Neno hilo lililojaa wema likihamishiwa kwa mwanamume huwa tusi zito, na sisi wa bara, ambao hatukulelewa katika maongezi ya wanawake wa pwani, tumelipokea kama tusi pekee, bila kuujua urafiki uliolizaa. Na katika Uganda ya leo halikomei kwenye kuudhi. Tangu Sheria ya Kupinga Ushoga iliyotiwa saini mwezi Mei 2023, ambayo adhabu zake hufikia kifungo cha maisha na, kwa baadhi ya makosa, kifo, kumwita kijana hivyo kwa sababu tu ana sauti nyembamba, au anapenda kusuka, au anatembea polepole, ni kumwelekezea mashtaka ambayo jirani anaweza kuyabeba hadi polisi. Msomaji anaweza kuwa na imani yake kuhusu sheria hiyo. Ninachomwomba aone ni kwamba kijana huyo hakutuhumiwa kwa tendo lolote. Ametuhumiwa kwa kufanana na wanawake.

Limebaki lile tusi ambalo kila mtu analijua na ambalo siliandiki, linalotaja tupu ya mama. Linaonekana kupinga kila nilichosema, kwa sababu mama ndiye anayeheshimiwa kuliko wote. Lakini hebu tuangalie nani anatukanwa. Wanagombana wanaume wawili. Mama hayupo, hana habari, pengine amekwisha kufa. Anaingizwa kwa kuwa heshima ya mwanawe imewekwa katika mwili wake, kama mali inavyowekwa ghalani, na anayetaka kumfilisi mtu huvunja ghala. Mwaka 2018 Stella Nyanzi, mtafiti wa Makerere aliyekuwa ameikemea serikali kwa kuahidi pedi kwa wanafunzi wa kike kisha kusema fedha hakuna, aliandika shairi lililomshambulia Rais kwa kutaja uke wa mama yake. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwezi Agosti 2019, na Mahakama Kuu ikaitengua hukumu mwezi Februari 2020. Ninaamini hakupaswa kufungwa, na ninaona alivyokuwa na uchungu wa haki. Hata hivyo ninasikitika kwamba mwanamke aliyepigania damu ya wasichana isionewe haya, alipotafuta neno la kuchoma zaidi, alilikuta palepale ambapo wanaume wamelikuta siku zote.

Tofauti yake ni waliyoyafanya wanawake wazee wa Apaa, katika Wilaya ya Amuru, mwezi Aprili 2015. Walipoona mawaziri wamekuja kusimamia upimaji wa ardhi yao, walivua nguo mbele yao. Mwili uleule ambao wengine huutaja ili kuaibisha, wenyewe waliutoa kuwa laana, kwa kuwa kwa Waacholi mama anayejiweka uchi mbele yako kwa hasira amekuletea balaa. Aibu ilihama upande. Hapo tunajifunza kwamba aibu haikuzaliwa na mwili huo. Imewekwa, na mwenye mwili anaweza kuikataa.

Watu wakiniuliza tuanzie wapi kuiondoa, huwa nawaambia wasianze na matusi. Matusi kila mtu anakubali kwamba ni mabaya. Tuanze na sifa, kwa sababu ndizo zinazoipanga ngazi asubuhi na mapema, kabla ya mtu yeyote kukasirika. "Jikaze kiume" haina nia mbaya. Anayeisema msibani anamhurumia kijana aliyefiwa. Vilevile jirani anayesema "yule mama ni mwanamume kweli", kwa mjane aliyesomesha watoto sita kwa kuuza ndizi, anadhani amempandisha. Kwa kweli amempokonya. Kazi aliyoifanya mwanamke kwa miaka ishirini imeandikwa kwa jina la jinsia nyingine, na binti yake anayesikiliza amefahamu kwamba akiwa hodari sana siku moja hatahesabiwa tena kuwa mwanamke. Mwanamke mwenyewe mara nyingi hutabasamu na kushukuru. Simlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo sarafu ya heshima iliyopo mkononi mwa jirani yake.

Hili si suala la maneno matupu. Mwaka 2002 Speciosa Wandira Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais, alisema hadharani kwamba mumewe alimpiga. Cheo cha pili katika nchi hakikumtoa kwenye kidato alichowekewa nyumbani kwake. Katiba ya 1995, katika ibara ya 33, inakataza sheria, mila na desturi zinazodhalilisha hadhi ya wanawake, lakini ibara haiwezi kuingia katika kauli ya kitenzi.

Mwalimu wa lugha anaweza. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na hiyo ina maana kwamba watoto wengi wa Uganda watakipokea kutoka kwenye ubao na si kwenye kizuizi cha barabarani. Kuna la kuwapa. Katika Toro na Bunyoro bado tunayo empaako, yale majina machache ya heshima kama Akiiki, Abwooli, Amooti na Adyeeri, ambayo mengi yake hupewa wavulana na wasichana bila kubagua, na ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2013 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Anayemsalimu Akiiki humheshimu kwanza. Kama ni mume au ni mke halimo katika salamu. Kiswahili nacho, kwa aliyefiwa na kwa aliyekosa penalti, kina usemi wake wa tangu zamani ambao haujawahi kuuliza jinsia ya mtu: piga moyo konde.